Komwe Kumi na Tatu

Komwe, zile mbegu za kuchezea bao, zilikuwa 128 nilipozitoa mfukoni. Ziliporudi, wiki mbili baadaye, zilikuwa 141.

Nilizihesabu mara tatu juu ya meza, mafungu ya kumi kumi, wanafunzi 36 wamenyamaza wananitazama mikono. Stima zilikuwa zimepotea tangu saa nne, panka limesimama, na joto la kaskazi la Malindi wenyewe mnalijua. Mara ya tatu ilipotoka 141 ileile, kijana mmoja wa nyuma akaangua kicheko na darasa zima likamfuata. Mimi sikucheka. Likizo nzima nilikuwa nimekaa natunga mchezo wa kuwafundisha watu wa chuo kikuu kutoiba kazi za wenzao, na ndani ya mchezo huohuo mtu ameghushi sarafu.

Acha nirudi nyuma kidogo.

Nafundisha Kiswahili na mbinu za utafiti katika kituo kidogo cha chuo kikuu hapa mjini. Muhula mmoja kabla ya huo niliwapa wanafunzi insha juu ya majahazi na pepo za msimu, nikidhani watoto wa Pwani hawatakosa la kusema. Nikaketi kusahihisha. Insha ya kwanza ikaniambia habari za "mwambao wa Afrika ya Mawio". Nikadhani ni mapenzi ya ushairi. Ya pili, Afrika ya Mawio. Ya nne, Afrika ya Mawio tena, na humo ndani pepo za msimu zilikuwa zimegeuka "mashetani wa majira". Nilicheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi. Kumbe wote watatu walitoa maandishi mahali pamoja, wakayabadilisha neno kwa neno ili programu ya kupima mfanano isiyanase, na mtu au mashine fulani ikaamua mashariki ni mawio na pepo ni mashetani, kazi iende.

Niliwafanyia nilichofanyiwa mimi zamani. Niliwaita ofisini, nikawasomea kanuni, wakainamisha vichwa, wakaandika upya. Halafu nikaigawa tena ile karatasi ya kurasa mbili ambayo kila mwanafunzi huitia sahihi mwaka wa kwanza bila kuisoma. Na hapa nikiri jambo: miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimeihamisha sahihi kutoka chini ya karatasi hadi juu. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Wamarekani uliochapishwa 2012, ukisema mtu akitia sahihi ya uaminifu kabla ya kujaza fomu husema kweli zaidi kuliko akitia baada ya kujaza. Nikaona maarifa hayo. Mwaka 2021 jarida lililouchapisha likauondoa utafiti wenyewe, maana takwimu zake za kilomita za magari ya wateja wa bima zilionekana kuwa zimebuniwa. Utafiti wa uaminifu! Sahihi nikairudisha chini.

Watoto hawa wametoka katika mfumo ambao uaminifu ni kazi ya polisi. Tangu darasa la nane wameona karatasi za mtihani zikifungiwa ndani ya makontena na kusindikizwa na askari wenye bunduki. Hata kile kikaratasi cha kuibia mtihani, mwakenya, wengi husema jina lake limetoka kwenye siasa: Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980 lililosambaza makaratasi dhidi ya serikali ya Moi, na ukikamatwa nayo ni jela. Kwa hiyo anayepenya na mwakenya ndani ya soksi ana ladha fulani ya ushujaa machoni pa wenzake. Ameishinda serikali. Sasa wewe njoo umweleze maadili kwa kurasa mbili za fotokopi.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa maswali na majibu, na peremende kwa washindi. Je, kunukuu bila kutaja chanzo ni wizi? Ndiyo! Je, kuwasilisha kazi ya mwenzako ni kosa? Ndiyo! Walipata yote. Wiki iliyofuata mmoja wa waliokula peremende zangu akaniletea kazi ya binamu yake, na jina la binamu likiwa bado limekaa ukurasa wa tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba majibu wanayo. Hakuna anayeiba kwa kukosa kujua kuwa ni wizi.

Nikatafuta wenzangu duniani wanafanyaje. Chuo Kikuu cha Erasmus, kule Rotterdam, Uholanzi, kina mchezo wao uitwao Dilemma Game. Ulianza kama kadi, kisha 2020 wakautoa kama programu ya simu, nikaupakua. Unapewa mkasa na njia nne, na hakuna hata moja iliyo safi kabisa. Raha yake ni kubishana. Nikaupenda. Tatizo, mikasa yake ni ya watu wenye maabara na fedha za ufadhili, profesa anataka jina lake liwe la kwanza kwenye makala na mambo kama hayo. Wanafunzi wangu hawagombanii jina la kwanza. Wanagombania bando la kumalizia kazi kabla ya saa sita usiku.

Likizo nikapanda basi kwenda nyumbani Lamu. Ami yangu ana bao lake la mkomamanga... samahani, la mfenesi. Yeye huapa ni la mkomamanga na hakuna anayembishia. Wanaume wa rika lake hucheza Mkunguni, mbele ya ngome, na huko sisi wanawake hatuketi. Lakini mimi alinifundisha tangu nikiwa mdogo, dakani kwetu, alasiri watu wakirudi sala. Safari hii akanitazama nikitia kete. "Mwanangu, umeangusha mbili hapo. Mato yangu yameona." Nilikuwa nimeangusha mbili shimo moja kweli, na kwa kusudi.

Jambo hilo limenikaa. Bao lina kete 64, mashimo 32, na halina refa. Mkono ukipita unatia kete kasi ile, mwizi ana nafasi mia. Lakini watu wanacheza miaka 50 na mtu yuleyule. Ukimwibia leo, kesho utacheza na nani?

Nikamweleza shida yangu ya chuo. Sikujua nitaiitaje mbele yake, nikasema "uadilifu wa kitaaluma", maneno ambayo hata mimi huyasema kwa sauti ya mkutano. Akasikiliza, akatia kete, akala, akasema, "Hayo si ndiyo sanad?"

Ndiyo hayo hasa. Ami alisoma darsa Lamu, na kwenye darsa huwezi kufungua mdomo ukasema Mtume kasema hivi ukanyamaza. Utaulizwa: umepokea kwa nani, naye kwa nani, naye kwa nani. Akikosekana mtu mmoja katikati, mnyororo umekatika na hadithi yako imeshuka daraja. Hati za Msikiti wa Riyadha, ambazo zimepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, zina dunia nzima ya elimu inayotembea hivyo, mkono kwa mkono na jina kwa jina. Washairi nao walikuwa hivyo. Mwana Kupona alipomaliza utendi wake hakuuacha yatima: alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akataja na mwaka, 1275 wa Hijria, yaani 1858. Sisi tunaowafundisha vijana wa Pwani tumekwenda kuazima karatasi ya vitisho, na nyumbani kuna ustaarabu mzima wa kusema "nimepokea kwa fulani".

Ami akanipa komwe za mabao mawili. Kwa asiyezijua, komwe ni mbegu za mkomwe, mmea wa miiba unaoota karibu na ufuo. Ngumu kama jiwe, rangi ya kijivu. Za ami zimeshikwa na mikono miaka mingi hadi zimekuwa laini kama meno.

Sheria zangu zilikuwa hizi. Makundi sita ya watu sita sita. Kila kundi komwe 15, na 38 zinabaki kwenye kikapu changu, hazina. Duru ya kwanza, kila kundi linaandika aya mbili kwa mkono juu ya kazi moja ya Pwani ambayo wageni hawaielewi, na aya zote zinabandikwa ukutani, sokoni. Duru zinazofuata kila kundi linajibu swali kubwa zaidi, ruhusa kutumia chochote kilicho sokoni. Ukitumia aya ya mtu ukamtaja, mwenyewe anapata komwe mbili kutoka hazina na wewe moja. Ukitumia bila kumtaja, wewe unapata nne na mwenyewe hapati kitu. Ila akikugundua na kukudai mbele ya watu, unamlipa sita. Akikudai kwa uongo, anakulipa tatu. Katikati kulikuwa na kadi za majaaliwa nilizokata kwa manila: stima zimepotea saa tano usiku na kazi inatakiwa saa sita, binamu yako alisoma kozi hii mwaka jana, mtu wa Nairobi anataka shilingi 800 akuandikie.

Ami alipozisikia sheria akatikisa kichwa. "Mwizi wako analipwa kuliko mkweli." Nikamwambia ndivyo ulivyo ulimwengu, ami. Akasema basi na tuone.

Duru ya pili karibu wote waliiba. Waliiba kwa furaha, kwa vicheko, wakipigana viwiko. Neno nililolipanga la kudai lilikuwa "Nadai". Wao wakalitupa wakaweka "Kete zangu!", na lilipendeza zaidi, nikaliacha.

Kwenye kundi la tatu kulikuwa na msichana mmoja wa bara ya Magarini, mkimya, wa kuketi karibu na mlango. Aya ya kundi lao aliiandika yeye. Ilikuwa juu ya ugemaji. Babake hupanda mnazi alfajiri na jioni, aliandika, na kila safari hukinoa kisu hata kama jana kilikata vizuri, kwa sababu kisu butu huponda karara badala ya kulikata na tembo halishuki. Aliandika kwamba wao watoto walikuwa wakiamka kwa ule mlio wa kisu na jiwe kabla ya jogoo. Aya ya mistari tisa.

Kundi la tano likaichukua. Msomaji wao akasimama, sauti ya habari za saa moja: "Wagema wengi hunoa visu vyao mara kwa mara ili kuongeza mavuno." Akaendelea. Yule msichana akawa amesimama, na hata lile neno la mchezo hakulisema. Alisema, "Huyo ni babangu."

Darasa likacheka kidogo, likidhani ni mzaha.

"Mmemtoa babangu," akasema, "mkaweka 'wagema wengi'. Wagema wengi ni akina nani? Mmewaona wapi? Yule ni mtu mmoja, anaumwa goti."

Kimya kilichofuata sijakipata kwa karatasi yoyote ya kutia sahihi. Miaka mingi nimekuwa nikieleza tofauti ya kunukuu na kufasiri, alama za funga na fungua, mwaka kwenye mabano, na sijawahi kueleza kwa uwazi kama ule kinachopotea. Sentensi zilikuwa zimebadilishwa vya kutosha. Programu ya kupima mfanano ingezipitisha bila neno. Kilichoibwa hakikuwa maneno. Alifutwa mtu aliyejua jambo, pakawekwa umati usiojua kitu. Kundi la tano wakalipa komwe sita, na msomaji wao, bila kuambiwa, akaisoma tena aya na jina la mzee ndani yake.

Duru ya tatu ikanionyesha kitu nisichokitarajia. Aya zilizoletwa sokoni zilikuwa kavu kama maganda ya mhogo. "Uvuvi ni kazi muhimu." "Utalii huleta fedha za kigeni." Nikauliza, imekuwaje? Binti mmoja wa kundi la kwanza akanijibu bila haya: "Mwalimu, nzuri tunazo, ila tumeziweka. Nani alete samaki nguru kwenye soko la wezi?" Waliokuwa na vitu vizuri waliviweka mfukoni, na walioiba walibaki kuiba maganda. Mimi mwenyewe sikuipanga hiyo. Komwe zilijipangia.

Kuna kadi moja ilinishinda, niseme ukweli. Iliandikwa: simu yako ina programu ya akili unde. Kundi likiichukua hiyo linaruhusiwa kuandikiwa jibu zima na simu. Wakaandikiwa, wakasoma, tena Kiswahili kimenyooka kuliko cha mhadhiri wao. Tukangoja. Hakuna aliyepiga kelele "Kete zangu!" Nani apige? Tangu ChatGPT itolewe mwisho wa Novemba 2022 sisi walimu tunahangaika na vifaa vya kuinasa, na vifaa hivyo huwasingizia hata wasio na hatia. Lakini mezani pale niliona shida yangu iko kwingine. Mchezo wangu wote unaegemea mtu mmoja kukasirika, na mashine haina baba wa kufutwa. Bado sijaipatia sheria hiyo kadi. Nimeitoa kwa sasa.

Na kulikuwa na yule kijana wa Ngomeni. Alicheza kwa utulivu wa kutisha. Haibi ovyo; hungoja kadi, hupiga hesabu, huiba sentensi moja ile ambayo mwenyewe hataikumbuka. Baada ya kipindi alibaki akinisaidia kuokota karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kazi hiyo ndiyo inayomlipia karo. Usiku huwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Hawajui majina, anajua tu mada na saa ya mwisho. Ameandika juu ya uuguzi, juu ya ndoa za Kirumi, juu ya vita vya Vietnam. Kenya imekuwa kitovu cha biashara hiyo na magazeti makubwa ya nje yameiandika. Australia iliipiga marufuku kwa sheria ya 2020, England ikafuata 2022, lakini kwa vitendo sheria hizo huishia kule. Kijana wa Ngomeni anayekesha na taa ya simu hazimfikii.

Nikamuuliza, na kazi zako mwenyewe hapa chuoni unaandika lini?

"Zangu huwa za mwisho, Mwalimu. Nikiwa nimechoka."

Nilikuwa na hotuba tayari. Sikuitoa. Karo yake siilipi mimi. Nilimwambia tu kwamba huyo mtu wa ng'ambo atapewa shahada kwa akili yake yeye, na akaniambia hilo analijua, amewahi kupiga hesabu ana shahada ngapi. Anadhani mbili na nusu.

Wiki ya pili tukamaliza, komwe zikarudi, zikawa 141. Haikuwa vigumu kuzitenga. Za ami zinang'aa. Kumi na tatu zilikuwa mpya, kavu, moja ina ufa. Mtu alikuwa amepita ufuoni akazichuma. Nikauliza nani. Nyinyi mngejibu?

Basi nikafanya ambalo nadhani ndilo pekee nililolifanya vizuri muhula ule: nikavuta kiti nikaketi. Nikawaambia mchezo ni wenu, amueni. Walibishana saa nzima na dakika kumi. Mmoja akataka duru zote zifutwe. Mwingine akasema komwe mpya hazikuibwa kwa mtu, mchumaji alizitolea jasho, ni mali halali. Wakamzomea. Binti wa samaki nguru akasema zikiruhusiwa hizo, za wengine wote zimepungua thamani hata kama hakuna aliyeguswa mfukoni; nikatamani idara ya uchumi ingekuwepo. Mwingine akauliza kama kuna mchezo wowote duniani usio na wizi ndani yake.

Hapo nikawapa kisa cha Monopoly, maana wengi wamewahi kuucheza. Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mchezo alioutunga kuonyesha ubaya wa watu wachache kuhodhi ardhi. Watu wakaucheza, wakaunakili kwa mikono nyumba kwa nyumba. Miaka ya 1930 bwana mmoja, Charles Darrow, akaufanyia marekebisho akauuza kwa kampuni ya Parker Brothers kama wake, akatajirika. Magie alilipwa dola 500 na kampuni hiyo kwa hataza yake, bila mgao wa mauzo, na kwa miongo mingi aliyesifiwa kwa kuutunga alikuwa Darrow. Darasa likaguna. Msichana wa Magarini akasema, "Wagema wengi." Limekuwa neno la darasa hilo, mtu akisema "wataalamu wanasema" bila jina, utasikia kutoka nyuma: wagema wengi!

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu nikijiona nimefaulu, ndipo yule kijana wa Ngomeni aliponyoosha mkono.

"Kete zangu," akasema.

Nikamwambia mchezo umekwisha.

"Si zangu, Mwalimu. Namdaia mtu." Akainua notsi za kozi, zile ninazowapa kila muhula, kurasa 84. "Hizi ni zako? Kwa sababu ukurasa wa 31 unasema 'kama nilivyoona katika utafiti wangu wa Tana mwaka 1994'. Mwaka 1994 wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

Nilikuwa na miaka saba.

Notsi zile nilizipewa kwenye flashi na mhadhiri aliyenitangulia, siku aliyostaafu. Nilibadilisha jina la ukurasa wa kwanza, nikaongeza sura moja ya mtandao, na miaka tisa nimezifundisha. Sikuwahi hata siku moja kuliona hilo kuwa jambo. Si wote tunafanya? Sentensi hiyo nimeisikia ofisini kwangu mara ngapi, kutoka kwa watu walioinamisha vichwa. Nikasema mbele yao: si zangu. Wakaamua kwa kura nalipa sita. Lakini hazina haina komwe zake yenyewe, nikabaki na deni.

Jioni ile nilimpigia simu mzee aliyenipa ile flashi. Nikamwamkia, nikazunguka kwenye habari za afya na za wajukuu, mwisho nikamwambia nataka kuliandika jina lake kwenye notsi zile, na kumwomba radhi. Akacheka sana, kile kicheko cha watu waliostaafu.

"Mwanangu, hata mimi nilizikuta."

Za nani?

"Zilikuwa kabatini, zimepigwa taipu, karatasi zimegeuka manjano. Utafiti wa Tana ule si wangu, mimi Tana nimepita kwa basi tu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeliwa na mchwa."

Kwa hiyo notsi za muhula huu zimeandikwa hivi juu: nimezipokea kwa fulani, naye alizikuta kabatini, ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa, sura ya tisa ni yangu. Nilimsomea ami kwa simu. Akasema sanad hiyo ni dhaifu, lakini si ya uongo.

Siku ya kuzigawa, kijana wa Ngomeni akaja mezani na kukumbusha deni. Za ami zilikuwa zimeshapanda basi kurudi Lamu, nilizobaki nazo ni zile kumi na tatu ndani ya mkebe wa biskuti. Nikamhesabia sita. Akazigeuza kiganjani moja moja, akachagua moja akanirudishia.

"Hii ina ufa, Mwalimu," akasema. "Nilidhani niliitupa."